Mtumbwi Uliolazwa

Saa moja na nusu asubuhi Joakim alikuwa na nguvu za kusimama peke yake. Saa tatu hangekuwa nazo. Mambo yote ya Jumapili ile yalipangwa kwa kufuata nguvu hizo, na hata Sajini Mektilda, ambaye kwa kawaida hupanga yeye na wengine wakafuata, alijikuta amekaa juu ya jiwe kando ya ziwa akingoja mgonjwa avishwe.

Aliyemvisha ni mkewe, Domitila. Alimfunga kiunoni mkanda wenye vipande vya madini ya risasi vya kumzamisha, akamwekea miwani ya maji, akainama kumvalisha viatu vya mpira vilivyopanuka kama mapezi. Joakim alikuwa mzamiaji wa bandari kule Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja, akikagua matumbo ya meli, mpaka misuli yake ilipoanza kumgomea. Hospitali walimpa jina refu la ugonjwa na chupa ya vidonge. Kwa Kiswahili cha nyumbani, misuli yake ilikuwa inachoka kabla ya mwenyewe. Asubuhi aliweza kubeba ndoo. Mchana kope zake zilimshinda. Wakamhamishia mezani, kugonga mihuri. Tangu hapo kila likizo aliitumia kutafuta maji, na mwaka huu wa 1975 alikuja kwa wakwe zake Lamadi na mitungi miwili ya hewa, akijua hakuna pa kuijaza tena mpaka arudi pwani.

Mtungi wa kwanza aliutumia Ijumaa. Jioni, kwenye hoteli ya chai, alisimulia kwamba nyuma ya miamba ya kijiji cha Kalemela aliona mtumbwi umelala chini ya maji, una mstari mwekundu ubavuni, na samaki wanaingia na kutoka kama watu wa nyumba moja. Alisimulia kama anayesimulia ndoto nzuri, na hakujua kwa nini hoteli nzima ilishusha vikombe. Polisi walikuwa wameutafuta mtumbwi huo siku nane.

Ulikuwa mtumbwi wa Uledi na mwenzake Ramadhani. Uledi aliokotwa kwenye mafunjo, ana jeraha kisogoni. Marcelo, msimamizi wa mtumbwi wa kijiji, akaapa kwamba Alhamisi, siku moja kabla ya maiti kuonekana, aliwaona wawili hao wakipigana ndani ya mtumbwi wao nyuma ya miamba. Ramadhani alipoulizwa mtumbwi uko wapi, alinyamaza. Alipoulizwa Alhamisi alikuwa wapi, akasema alikuwa amelala nyumbani, peke yake, basi. Mkuu wa kituo alisema asiye na la kusema amekwisha kusema. Jalada lilifungwa kwa kamba, na kesho ya Jumapili ile, yaani Jumatatu, Ramadhani alikuwa apelekwe Mwanza kwa shitaka la kuua. Kwa shitaka hilo mtu hunyongwa.

Mektilda alikuwa ameazimwa kutoka Bariadi, nchi ya pamba na ng'ombe, na mambo ya ziwa hakuyajua. Alichojua ni kwamba jalada lenye shahidi mmoja na ukimya mmoja halijashiba.

"Mtungi huu una hewa ya dakika arobaini," Joakim alisema. Sauti yake asubuhi ile ilikuwa safi. "Nilikuwa nimeuwekea siku ya mwisho ya likizo."

"Nakuomba tu, sikuamuru," alisema Mektilda.

"Najua. Ungeniamuru ningekataa."

Domitila alimfunga kamba kiunoni, kisha akamgeukia Sajini. Hakuwa na sura ya utani. "Afande, watu wanadhani miguu tu ndiyo inayochoka. Kifua nacho ni misuli. Akichoka huko chini atasahau kuvuta hewa, na hatakuwa na nguvu za kukwambia."

"Kwa nini basi unamwachia?"

"Umewahi kumwona akitembea sokoni?" Domitila alisema. "Subiri umwone akiwa majini."

Kweli alionekana. Hatua tano za kwanza, penye maji ya magoti, Joakim aliyumba, mkono begani kwa mkewe. Maji yalipomfika kifuani akauachia. Akalala kifudifudi, akapiga mapezi mara moja, taratibu, na mwili ule uliokuwa umesuasua tangu alfajiri ukanyooka na kuteleza bila kelele. Mektilda alijisikia wivu, akashangaa kumwonea wivu mgonjwa. Maji yakajifunga juu yake. Yakabaki mapovu, yakipanda kwa zamu.

Ziwa lilikuwa bado halijaamka vizuri. Ukungu ulikaa juu ya maji, miamba ikaonekana kama inaelea, na ndege wawili aina ya mwari walipita chini sana bila haraka. Hapakuwa na mvuvi. Hakuna mtu wa Kalemela aliyekubali kuzamia penye mtumbwi wa marehemu, kwa ujira wala kwa amri, na Mektilda hakuwalaumu. Watu walikuja kusimama mbali, kwenye nyasi. Mbele yao alisimama Marcelo, mikono nyuma, shati limepigwa pasi. Pembeni, chini, alikaa Nyanjige, mjane wa Uledi, kaniki kichwani. Yeye alikuwa Mwandoya tangu Juni, kwa wazazi wake, akisaidia kuvuna pamba. Aliitwa Septemba hii kuja kuzika.

Domitila alishika kamba kwa vidole viwili. Kila baada ya muda ilitikisika mara moja, naye akaijibu. Mektilda alihesabu mitikisiko kwenye daftari lake kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jua likapenya ukungu na maji yakawa ya kijani. Wa nne. Wa tano. Wa sita haukuja.

"Vuta," alisema Mektilda.

"Bado."

"Mama, vuta."

"Mapovu yapo, afande. Anaota." Domitila aliongea polepole, macho hayatoki majini. "Ananiambia huko chini kuna mahali anafika, hajui mkono unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Hana kilo hata moja. Ukimvuta hapo unamtoa usingizini. Ngoja."

Wakangoja. Mektilda alisahau daftari. Mapovu yalipanda, yakapasuka, yakapanda, na kwa muda hata yeye alihisi kama amekaa ndani ya kitu kikubwa kinachopumua. Kisha kamba ikatikisika mara tatu, kwa nguvu, na Domitila akavuta haraka haraka kama mtu anayeteka maji nyumba ikiungua.

Konstebo Kasmiri aliingia majini na buti zake. Walimlaza Joakim mchangani. Kwapani alikuwa amekumbatia kikapu cha wavu, na ndani yake jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto.

"Ndio wenyewe," Joakim alisema. Kope zake zilikuwa zimeanza kushuka. "Mstari mwekundu. Bati limepigiliwa puani. Haukutoboka popote. Umejaa mawe."

Mnong'ono ukapita kwenye nyasi. Mektilda hakuupenda alivyousikia. Mtumbwi uliotobolewa na kiboko ungemwokoa Ramadhani; uliojazwa mawe ulikuwa na mkono wa mtu.

Marcelo naye aliyaona hayo hayo. Akasogea. "Si nilisema, afande? Waliuficha kijiji kisiuone. Kamati ya kijiji iliagiza mitumbwi yote iandikwe iwe ya ushirika, wao wakadanganya wameuza Ukerewe. Kumbe wanavua nao huku nyuma kwa wizi. Wamegombana, Ramadhani kamuua mwenzake, kajaza mawe, kazamisha ushahidi. Hapo kuna swali gani tena?"

"Lipo moja. Alhamisi uliwaona ndani ya mtumbwi huu? Si mwingine wa kufanana nao?"

"Huu huu. Mstari mwekundu, bati puani. Nina macho mazima mimi, si kama ya huyo." Alimwonyesha Joakim kwa kidevu. "Shahidi gani hawezi hata kufumbua macho?"

Mektilda alifungua daftari, akaandika maneno yale kama yalivyotamkwa, akayasoma kwa sauti, akampa Marcelo kalamu. Marcelo alitia sahihi kwa mapambo, mkia wa herufi ya mwisho ukazunguka jina lote.

"Asante," alisema Mektilda, na moyoni akakiri kwamba kazi imemharibikia. Alikuja kutafuta njia ya kumtoa Ramadhani, naye ndiye aliyeongeza kamba.

Ndipo Nyanjige alipoinuka. Alikuja mpaka penye kikapu, akachuchumaa, akalishika jiwe kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Mektilda kwa Kisukuma, kwa kuwa hata msiba haumwondolei mtu wajibu wa kusalimia.

"Mwangaluka, mama. Pole."

"Hili mmelitoa sehemu gani ya mtumbwi?"

Mektilda alimtazama Joakim. Joakim alikuwa amefumba macho, taya limelegea, lakini akajibu. Sauti sasa ilitokea puani. "Nyuma. Makubwa yako nyuma. Mbele madogo. Yamepangwa, kama... kama mayai kwenye kikapu."

Nyanjige alitikisa kichwa taratibu. "Mtumbwi huu haukuzamishwa. Umelazwa."

"Umelazwa vipi?"

"Mayu, wewe ni mtu wa ng'ombe, eh? Mbao za mtumbwi zikikaa juani bila kazi zinapasuka. Basi mtu kama hana safari anaulaza. Anaweka mawe makubwa nyuma, madogo mbele, mbao zisiumie, unashuka taratibu unalala majini. Siku akiutaka anatoa mawe. Kila mvuvi anafanya, ila penye maji ya magoti. Hawa wameulaza mbali kwa sababu ya kamati." Aligeuza jiwe. "Mtu aliyeua ana haraka. Anatupa mawe. Hapangi."

"Anaweza kupanga akitaka," Marcelo alidakia.

"Anaweza," Mektilda alikubali. Lakini alikuwa amepiga magoti, analitazama jiwe. Upande mmoja lilikuwa na ukoga wa kijani, mzito, laini kama ngozi ya ndama, na kwenye ukoga ule zilishikana punje za mayai ya konokono. Aliingiza ukucha. Ukucha ukazama. "Mama Nyanjige, ukoga wa namna hii huota kwa siku ngapi?"

"Siku? Huu wa miezi, mayu."

"Afande, jiwe lolote la ziwani lina ukoga," Marcelo alisema, na sasa alisema kwa upole. "Umeokota jiwe majini, utakuta ukoga. Unathibitisha nini?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Mektilda. Jiwe lingeweza kuwa na ukoga kabla halijapanda mtumbwini. Alikaa akiliangalia, akaligeuza chini juu. Jiwe linaweza kuokotwa likiwa na ukoga wake. Ubao je?

Aligeuka kwa kasi. "Joakim. Mbao za mtumbwi. Zenyewe, ndani, zina ukoga?"

Midomo ya Joakim ilijaribu. Ikatoka sauti ya hewa tu, haina maneno. Domitila alikuwa amemwinua kichwa na kukiweka mapajani, anamwekea kidonge chini ya ulimi. "Sauti imekwisha, afande. Itarudi akipumzika."

"Mkono anao?"

"Kidole."

Mektilda alishika mkono ule. Ulikuwa baridi, mzito kwa ulegevu. "Nitauliza, wewe niminye. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Sitakutilia maneno mdomoni. Kasmiri, andika saa, andika na namna tunavyoulizana. Mbao za mtumbwi zina ukoga?"

Kidole kikaminya. Mara moja.

"Ukoga mwembamba, wa kuteleza tu?"

Mara mbili.

"Mzito kama huu wa kwenye jiwe?"

Mara moja.

"Jiwe hili ulipoling'oa, lilikuwa limeachana na ubao?"

Akaminya mara mbili. Kisha, bila kuulizwa, Joakim alivuta kidole juu ya kiganja cha Sajini, kutoka upande mmoja hadi wa pili, mstari mmoja usiokatika. Mektilda alihitaji muda kuelewa. Ukoga ulikuwa umetoka kwenye jiwe ukatambaa mpaka kwenye ubao, ukavishona pamoja. Mtumbwi na mawe yake vilikuwa vimeota zulia moja.

Aliuachia mkono taratibu, akasimama, akapangusa mchanga magotini.

"Marcelo. Leo ni siku ya kumi tangu Alhamisi ile. Ukoga wa kuzama ukucha hauoti kwenye mbao kwa siku kumi. Mtumbwi huu haujatikisika tangu watu wavune pamba. Sasa nisaidie. Alhamisi ulimwona Uledi ndani ya mtumbwi gani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Marcelo iliishia pale mchangani. Alitazama nyasini, akakuta watu wote wanamtazama.

"Labda siku nimechanganya," alisema.

"Siku umetia sahihi sasa hivi. Kama Uledi alifia ziwani, hakuwa ndani ya mtumbwi wake. Na Alhamisi mtumbwi wa kijiji ulikuwa kwa nani?"

Marcelo alirudi hatua moja nyuma. Kasmiri alimgusa kiwiko, akampitisha mbele yake kuelekea barabarani, na watu wakawaachia njia pana.

*

Mkuu wa kituo alisikiliza yote, akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi. Marcelo atabaki ndani, alisema, na ataulizwa. Lakini ukoga haujawahi kupanda kizimbani, na shahidi aliyejibu kwa kidole atachekwa hata na wakili wa miaka miwili kazini. Anayejua siku mtumbwi ulipolazwa yuko selo. Aseme siku, kwa maelezo yake mwenyewe, kisha yapatane na ukoga. Hapo jalada litabaki Lamadi. Asiposema, gari la kesho saa kumi na mbili liko palepale.

Mektilda aliona haitachukua dakika kumi. Alikosea.

"Mmeutoa?" Hilo ndilo neno la kwanza la Ramadhani alipoambiwa mtumbwi umeonekana. Alikuwa mtu mrefu, amekunjika kwenye benchi, ndevu za siku tisa.

"Bado uko chini. Niambie mliulaza lini."

Ramadhani akatazama sakafu.

"Ramadhani, sikuhukumu kwa kuficha mtumbwi. Nataka siku tu. Ukisema ulilala majini tangu Juni, Marcelo ni mwongo na wewe unarudi nyumbani."

"Na mtumbwi?"

Mektilda hakumdanganya. "Kamati imeuandika kwamba umeuzwa Ukerewe; ukikiri ni wenu, utaingia kwenye maelezo. Maelezo yatasomwa. Kamati itautoa."

"Basi sina la kusema, afande."

"Utanyongwa kwa ajili ya mbao?"

"Si mbao." Aliinua uso, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuhesabu siku zote hizi hesabu moja. "Tuliuunda wawili. Usiku tulipoulaza Uledi aliniambia, mmoja wetu akitangulia, nusu yake ni ya watoto wake. Tukala kiapo. Yeye ndiye aliyekuwa na pumzi ya kuzama kutoa mawe, mimi sina. Nikasema nikifunguliwa nitajifunza. Nikinyongwa, watoto wa Uledi watakua, watajifunza wao. Nimekaa hapa nauota unanisubiri. Nikiutaja leo, wale watoto nimewalaza njaa kwa ulimi wangu."

Mektilda alisukuma kalamu mbali. Alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, wake waliotia sumu, mlinzi aliyechoma ghala. Hakuwahi kumwomba mtu asiye na hatia akubali kuokolewa.

Alitoka. Nyanjige alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kituo, amefuata kwa miguu tangu Kalemela. Mektilda alimweleza yote, palepale, kwa maneno machache, pamoja na kiapo. Nyanjige alisikiliza hadi mwisho. Aliomba maji, akanywa, akainuka.

"Nipeleke."

Ramadhani alipomwona alisimama, akaegemea ukuta. Kwake alikuwa mke wa rafiki, na tangu alipokwenda Mwandoya hawakuwa wameonana.

"Mwadila, shemeji," Nyanjige alimsalimia.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu." Alikaa kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu katikati yao. "Nimesikia unawatunzia wanangu mtumbwi."

"Nilikula kiapo."

"Kiapo ulikula na mume wangu. Mume wangu amekufa, mrithi wa neno lake ni mimi. Nakuuliza, shemeji. Wanangu watatoka na huo mtumbwi, watavua, watarudi na sato. Nitawapikia. Mdogo ataniuliza, mama, mtumbwi huu tuliupataje? Nimwambie Ramadhani alinyongwa, ndiyo tukaupata? Atakimeza hicho chakula?"

Ramadhani alitazama ile nafasi tupu kwenye benchi.

"Mimi sitakimeza," Nyanjige alisema. "Kijiji kiuchukue. Mikono ya kulima ninayo. Nimemzika mmoja, na aliyemuua sijamjua. Wewe peke yako ndiye uliyebaki anayejua Uledi alikuwa anachekaje akiwa majini. Ukifa, nani atawaambia?"

Nje lori la pamba lilipita barabara ya Mwanza, kituo kikatetemeka kidogo, kikatulia. Ramadhani aliteleza ukutani mpaka akakaa chini. Alilia kwa mikono yote miwili usoni, na Nyanjige hakumgusa wala hakumhimiza. Mektilda alifungua karatasi mpya, akaandika jina, umri, kazi, akasubiri.

"Juni," Ramadhani alisema hatimaye. "Ijumaa ya pili ya Juni. Tulikuwa wawili, na Uledi alikuwa anaimba."

Mektilda aliandika siku, akaandika kwamba walikuwa wawili. Akasita, kwa maana mahakama haina haja ya nyimbo. Kisha akaandika na hilo.